Opereta wa Mlango Mmoja

Hakuna aliyewahi kumwona Opereta amekaa kwa hiari yake. Alikula amesimama, alisoma ujumbe wa simu amesimama, na kibodi ya kompyuta aliiweka juu ya kabati la mafaili ili asilazimike kuinamia meza. Mimi mwenyewe si mtu wa kutulia, lakini kukaa naye chumba kimoja kulinichosha. Ukigeuka kushoto yuko, ukigeuka kulia yuko, na viatu vyake vya raba vinalia kwenye sakafu iliyolowa maji ya kuoshea mikebe ya maziwa.

"Nilifungwa kwa kiti tangu nikiwa msichana, waya hapa kwa masikio," alinijibu siku moja nilipomwomba apumzike. "Sasa wacha nitembee. Kwani nakukanyaga?"

Waya ule ulikuwa wa swichibodi. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake alipokea simu katika ofisi ya shamba moja kubwa la chai upande wa Kericho. Namba ya shamba ilikuwa moja. Ukipiga ulimpata yeye kwanza, ukamwambia unamtaka nani, naye akakuunganisha na kiwanda, zahanati, gereji au nyumba ya meneja. Jina lake halisi lilipotelea huko huko. Alipotoka shambani akaja kuajiriwa kwenye ushirika wetu wa maziwa, karibu na Kimulot, hata binti zake walimwita Opereta mbele ya wageni.

Mimi nililijua jina hilo kabla sijamjua mwenyewe. Nilikulia katika kambi ya wachuma chai wa shamba lile lile. Mama yangu alitoka Kisii akiwa na mimi mgongoni na kapu la kuchumia akalipata huku. Nikiwa darasa la tano kambi yetu ikafungwa. Mashine za kuchuma zilikuwa njiani, na watu waliambiwa asubuhi kwamba kufikia jioni nyumba ziwe tupu. Usiku huo mama, dada yangu na mimi tulilala kwenye kibanda cha kukusanyia majani ya chai, pale barabarani, na mvua ya huku mnaijua. Watu wazima wote walisema amri ililetwa kwa simu. Na simu zote zilipita kwa Opereta.

Kwa hiyo nilikua na swali moja. Je, alisikia mapema? Na kama alisikia, mbona hakumtonya mama hata neno moja? Nilipomaliza diploma yangu ya kompyuta, ushirika ukaniajiri, nikamkuta pale amesimama. Niliapa kwamba nitamuuliza kabla ya wiki kwisha. Tulifanya kazi pamoja miaka na miaka, na swali sikuliuliza. Kila mara nikifungua mdomo, simu inalia au yeye ameshaondoka chumbani.

Acha nieleze kazi yenyewe, maana ndimo alimoonekana vizuri zaidi kuliko kanisani au nyumbani.

Zamani ushirika ulikuwa umekodi programu ya kampuni ya Nairobi. Mtandao ukikatika, na huku unakatika mawingu yakikohoa, mkulima hawezi kujua ameleta maziwa kiasi gani. Opereta ndiye aliyewapigia wanakamati kelele mpaka wakakubali kununua seva yetu wenyewe, kompyuta moja nzito tuliyoiweka chumba cha pili kutoka tangi la kupozea maziwa. "Vitu vyetu vikae kwetu," alisema. "Kama ni kuharibika, viharibike nikiviona."

Ndani ya seva ile tuliweka programu kadhaa: ya maziwa, ya matangazo ya matanga na harambee, ya daktari wa mifugo, na ya malalamiko. Kila moja iliishi ndani ya kontena lake, imejitenga na wenzake, ili ikiugua isiambukize nyingine. Lakini mkulima hawezi kukariri milango yote hiyo. Hapo ndipo penye proksi. Proksi ni mlango mmoja wa mbele. Simu zote zinaingilia hapo, zinataja jina la zinakotaka kwenda, na proksi inaangalia faili yake, inazipeleka kwenye kontena linalohusika. Jibu nalo linarudi kwa mlango huo huo. Mkulima hajui kama nyuma kuna vyumba.

Nilijiandaa kumweleza hayo kwa siku nzima, na michoro juu. Sikufika mbali.

"Hiyo ni swichibodi," alisema.

"Si hivyo kabisa, Mama. Hapa kuna..."

"Ni swichibodi, kijana. Endelea, nionyeshe plagi zinaingia wapi."

Hakuwa malaika wa kompyuta. Aliharibu mengi, na mengine nilikesha nikiyatengeneza huku yeye akinilaumu mimi. Lakini alikuwa na adabu zake za laini ambazo hakuna chuo kilinifundisha. Mimi nilizoea nikibadilisha faili ya proksi nazima yote na kuwasha upya, mambo yaishe. Yeye aliniona nikifanya hivyo asubuhi, saa za kupima maziwa, akanishika mkono. Kwake huo ulikuwa utovu wa heshima, sawa na kumkatia mtu simu katikati ya sentensi. Alitaka kwanza faili ikaguliwe kama haina kosa, kisha proksi iambiwe iisome upya taratibu, walio ndani wamalize shughuli zao. Faili hiyo hakukubali kuinakili kutoka mahali popote. Aliiandika herufi kwa herufi, akiisoma kwa sauti ya mtu anayetumiwa simu ya kifo, na nukta-mkato ya mwisho wa mstari aliigonga kwa nguvu hadi kibodi ikaruka. Ole wako umsemeshe akiwa katikati.

Ujumbe wa hitilafu alikuwa haupendi. Kontena likilala, proksi hutoa maneno ya Kizungu yasiyomsaidia mama mwenye ng'ombe mmoja kule mlimani. Akayafuta, akaandika yake: "Simu inaita lakini hakuna anayepokea. Kamua kwanza, jaribu tena." Na kontena likichelewa kujibu: "Amepokea ila hasemi. Ngoja kidogo, usitukane." Nilicheka nikamwambia ushirika si kituo cha redio. Alinijibu kwamba wakulima hawajawahi kupiga simu kuuliza maana ya maneno yake, lakini yale ya kwanza walikuwa wanayaulizia kila siku.

Sasa niseme kuhusu majina, kwa sababu ndiyo hadithi inayosimuliwa mpaka leo tukikutana walioajiriwa wakati ule.

Wakipsigis humpa mtoto jina kufuatana na saa aliyozaliwa. Aliyezaliwa mchana ni Kibet. Aliyezaliwa jioni mbuzi wakirudi zizini ni Kiprono. Opereta aliyabatiza makontena hivyo hivyo. Programu ya daktari wa mifugo tuliiwasha mchana, ikawa Kibet. Ya maziwa tuliiwasha jioni, ikawa Kiprono. Mimi ni Mkisii, nikaona sawa tu, majina ya watu ni rahisi kukumbuka kuliko namba. Sikuwepo alipowasha ile ya matangazo ya matanga. Aliiwasha jioni, naye bila kufikiri mara mbili akaandika Kiprono.

Proksi ikawa na Kiprono wawili katika boma moja. Ikiulizwa Kiprono, mara inakwenda kwa huyu, mara kwa yule. Kesho yake wakulima wakaingia kutazama maziwa yao, na nusu yao wakakutana na picha za marehemu. Mzee mmoja alikuja ofisini na fimbo yake, amekasirika mpaka kofia imepinda.

"Mimi nimeulisa masiwa," alisema. "Nyinyi mnanionyesa matanga. Ni nani hapa anataka nikufe?"

Tulihangaika asubuhi yote kutafuta kosa katika faili, na faili ilikuwa safi kabisa. Nilipogundua, nilimwambia jina moja lazima libadilishwe. Akakataa katakata.

"Kwetu kuna Kiprono wangapi? Umewahi kusikia mmoja amepotea akalala kwa mwingine?"

"Hao wana baba zao, Mama."

Alisimama. Ninamaanisha aliacha kutembea, jambo la ajabu. Kisha akaenda kwenye kabati lake akaandika, akiita kila herufi: kiprono-arap-maziwa. Halafu: kiprono-arap-matanga. Arap ni "mwana wa"; kila mmoja akapewa baba, na mambo yakanyooka. Desturi hiyo iko katika seva ile hata sasa, na kijana yeyote mpya anayeajiriwa lazima aambiwe mbona makontena yana ubini.

Watu wangependa nimchore kama mtakatifu. Hakuwa. Alikuwa na kiburi, alikuwa mkali kwa wafagizi bila sababu, na alizaliwa kati ya mashamba ya chai lakini chai hakuinywa, alikunywa uji wa wimbi kwenye chupa kana kwamba sisi wengine tunakunywa sumu. Nyumba yake haikuwa na kufuli, majirani waliingia na kutoka. Chumba cha seva kilikuwa na kufuli mbili.

Na alikuwa mmbea. Hili nalisema wazi. Alichokiona kwa macho yake kilifika Litein kabla yake. Nani amenunua kochi jipya, pasta gani amegombana na mkewe, ng'ombe wa nani amezaa ndama dume, yote ulipata kwake bila kuomba. Lakini aliyoyasikia akiwa na waya masikioni, hata moja halikutoka. Nilimchokoza mara nyingi. Nilimuuliza mameneja walikuwa wanazungumza nini na wake zao. Aligeuza mazungumzo yakawa ya kochi. Wengine walimsifu kwa hilo. Mimi kila nikiisikia sifa hiyo nilikiona kibanda kile na dada yangu akikohoa.

Mdomo huo huo uliofungwa ndio ulimtoa kazini.

Kuna mtu aliandika kwenye programu ya malalamiko kwamba mizani ya kituo kimoja inapunguza maziwa, na kwamba karani wa mizani hiyo anajua, kwa sababu akiletewa maziwa ya jamaa zake anatumia mizani nyingine. Hakuweka jina. Programu yenyewe ilikuwa hivyo, jina si lazima. Karani yule alikuwa shemeji wa mwenyekiti.

Mwenyekiti akatuita mbele ya kamati.

"Opereta," alisema, "hiyo mashine yako inajua ni simu gani imeingia wapi, ama haijui?"

"Inaweza kujua. Nimeikataza."

Ilikuwa kweli. Kwa kawaida proksi huliambia kontena anwani ya aliyepiga, na yenyewe huandika kumbukumbu ya kila aliyepita. Kwa maziwa aliiacha ifanye hivyo, maana huko mtu anaingia kwa namba yake ya uanachama. Kwa malalamiko aliyazima yote mawili tangu siku ya kwanza. Kontena la malalamiko lilijua tu kwamba mlango umebishwa.

"Basi ikubalie kuanzia leo," mwenyekiti alisema. "Huyo mtu ataandika tena, tutampata."

"Hapana."

"Hapana kivipi? Wewe umeajiriwa na nani?"

"Nimeajiriwa na nyinyi. Na yule aliandika, nyinyi mmeajiriwa na yeye. Mtu akipiga simu hapa, mimi namuunganisha. Sikai nikisikiza. Mkitaka mtu wa kusikiza, tafuteni."

Akaweka funguo zote mbili mezani, akatoka. Hakuaga. Tulimwona dirishani akipanda njia kwa miguu, mwendo wake ule ule wa haraka, kama mtu aliyeacha sufuria motoni.

Mwenyekiti akanigeukia. Nikamwambia ukweli: yaliyopita hayakuandikwa popote, na kwa kuwa habari ya kikao hiki itafika sokoni kabla ya sisi kusimama, hakuna mtu atakayeandika tena. Akanitazama kwa chuki, akafunga kikao. Mwezi haukuisha, mizani mpya ikaletwa kimya kimya, na karani akahamishiwa stoo ya dawa za mifugo.

Ningeweza kujivunia siku ile. Badala yake nilirudi nyumbani na hasira mpya. Huyu mama anaweza kuacha kazi ili kulinda mtu asiyemjua, nikajiambia, lakini mama yangu aliyekuwa anampita kila asubuhi na kapu mgongoni, hakumpa hata ishara ya jicho.

Mwaka jana binti yake alinipigia akasema sasa Opereta anaishi naye Ndanai, magoti yameanza kumsumbua, na anauliza habari za seva. Nilienda Jumapili baada ya ibada. Nilimkuta uani ameshikilia ukingo wa meza, amesimama bado, akichambua maharagwe. Aliuliza kuhusu Kibet na Kiprono wote wawili kwa zamu, kama mtu anayeulizia wajukuu. Aliniuliza kama bado nazima seva asubuhi. Nikajibu yote. Halafu nikaona kwamba nikisubiri tena tutazikana na swali hilo.

"Mama, ile siku kambi yetu ilifungwa. Ulisikia mapema?"

Aliendelea na maharagwe kidogo.

"Nilisikia. Wiki nzima kabla."

"Na ulimjua mama yangu."

"Nilimjua. Na nyinyi watoto, nilikuwa nawaona mkienda shule. Msichana alikuwa na sweta ya kijani."

"Ungesema neno moja tu. Angetafuta mahali. Neno moja, Mama!"

"Ningemwambia yeye, ningemwambia na jirani yake. Kambi yote. Halafu kesho meneja akiuliza, hakuna mtu ataamini hiyo laini tena, hata yule anaita ambulensi." Akasimamisha mikono. "Hivyo ndio nilikuwa najiambia. Lakini wacha nisikudanganye. Nilikuwa pia naogopa kazi yangu. Nilikuwa na watoto."

"Sisi pia tulikuwa watoto."

"Mlikuwa," alisema. "Hiyo najua. Siku zote najua."

Hakuomba msamaha, wala mimi sikumpa. Binti yake alileta chakula, nikala kwa haraka, nikaaga. Njia yote ya kurudi nilikuwa nazungumza peke yangu kwa sauti, namwambia yale ambayo nilipaswa kumwambia pale uani. Nilifika kwa mama jua linashuka. Anaishi kwenye robo eka niliyomnunulia, na ng'ombe wake mmoja. Nilimkuta akichuja maziwa, nikamweleza yote bila hata kumsalimu vizuri: kwamba Opereta alijua, wiki nzima kabla, kwamba alituona na sweta ya kijani, kwamba alinyamaza.

Mama alimaliza kuchuja. Akafunika mkebe.

"Yale malalamiko ya mizani," alisema, "niliandika mimi."

Sikuelewa mara moja. Mama anaandika kwa kidole kimoja.

"Niliandika kwa hiyo simu yako ya zamani, nimekaa kwa benchi pale nje ya ofisi, kwa sababu hapo ndio mtandao iko na nguvu. Ilinichukua asubuhi mzima. Opereta akakuja kwa dirisha. Akaniona, akaona simu, akaona vile natafuta maneno. Akafunga dirisha, akaenda."

"Kwa hiyo alijua ni wewe."

"Alijua."

Hasira yangu haikuisha, naisema kama ilivyo. Ilibaki tu haina pa kusimama. Ng'ombe alikuwa analamba ukingo wa beseni, mama akamsukuma kwa kiwiko.

"Na kuna ingine hujui, baba. Ile jioni tunatoka kambi, nyinyi mlikuwa mbele na godoro. Yeye alikuwa anatoka ofisi. Akasimama akaniuliza, 'Mna mahali?' Nikamwambia tuna watu wetu Kedowa, wanatungoja."

"Hatukuwa na mtu Kedowa."

"Niliona aibu. Akasema asante Mungu, akaenda nyumbani kwake." Mama alijipangusa mikono kwenye leso. "Miaka hii yote anafikiria tulilala Kedowa. Jumamosi unipeleke Ndanai."

"Ukamwambie nini?"

"Nimwambie hatukuwa na mtu."